Karatasi za Kumchelewesha Jinamizi

Habari hii nilipewa na bibi yangu mzaa mama, Dorinda, mwaka uliofuata ile tufani kubwa iliyopiga pwani yetu ya Karolina Kusini. Maji yalikuwa yameingia ndani mpaka usawa wa dirisha, na yalipotoka yaliacha kuta zimevimba na kunuka matope. Tukawa tunabandika magazeti upya. Mimi nilikuwa nimeshakua kiasi cha kukabidhiwa brashi, na kwa haraka zangu nikabandika ukurasa mmoja kichwa chini. Nilipotaka kuubandua, bibi akanishika mkono.

"Uache," akasema. "Uache hivyo hivyo. Kaa nikwambie."

Tukakaa. Gundi ikakauka ndani ya bakuli.

Zamani watu wetu wote walibandika magazeti ukutani. Sababu moja ilikuwa upepo, maana mbao za vibanda vyao ziliachana kama meno ya mzee. Sababu ya pili ilikuwa jinamizi, yule anayekuja kukukalia kifuani ukiwa usingizini. Jinamizi akikuta maandishi hawezi kukugusa mpaka ayasome yote, neno kwa neno, na hajafika mwisho kunakuwa kumekucha. Kwa hiyo kila mwaka wanawake wa mtaa wa watumwa, pale kwenye shamba la mpunga la Bwana Averell, waliokota magazeti yaliyotupwa na nyumba kubwa wakabandika. Hakuna aliyejua juu ni wapi na chini ni wapi. Shangazi Binah, jirani wa bibi yangu, ndiye pekee aliyekuwa na kanuni.

"Mpindulie," alikuwa akisema. "Mbandikie kichwa chini avunjike shingo. Sisi si tunavunjika viuno mashambani?"

"Lakini Shangazi," wenzake wakamuuliza, "jinamizi kajifunza kusoma wapi?"

"Wa hapa anasoma. Wa hapa ni mzungu."

Wakacheka, lakini walitazama mlangoni kwanza.

Bibi yangu Dorinda hakuwa wa shambani, alikuwa dobi wa nyumba kubwa. Shuka na foronya za akina Averell zilishonewa herufi pembeni kwa uzi mwekundu, kila chumba na herufi zake, na dobi aliyemtandikia mgeni shuka za bwana alichapwa. Misis Averell mwenyewe, alipoolewa na kuletwa pale, alimfundisha Dorinda zile alama chache. "Za shuka tu," akamwambia. "Hazina kazi nyingine." Zilizobaki Dorinda aliziiba. Alipiga pasi katika chumba kilichopakana na kile ambamo watoto wa bwana walisomeshwa, na watoto wale walikuwa wazito, mwalimu akirudia somo lile lile mpaka pasi inapoa.

"Mungu awabariki kwa uzito wao," bibi aliniambia. "Wangekuwa na akili, mimi ningebaki mjinga."

Mtumwa hakuruhusiwa kusoma, kwa hiyo ilikuwa siri ya kufa nayo. Mzee Titus, mchunga ng'ombe, alikutwa na ukurasa wa Biblia ndani ya kofia. Walimkata ncha ya kidole cha shahada, kile anachopitishia mtu kwenye maneno anaposoma. Dorinda ndiye aliyekifua kitambaa alichofungwa. Alikifua, akakianika, akakikunja, na tangu siku hiyo hata Shangazi Binah hakumwambia kitu, ingawa walitenganishwa na ubao mmoja tu. Aliyejua pekee alikuwa mumewe, Esau, fundi wa mapipa.

Sasa sikiliza kosa lake.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ile vita ya Kaskazini na Kusini. Nyumba kubwa walitupa rundo zima la magazeti. Dorinda akapika wanga wa mchele, ule ule aliotilia kola za bwana, na Jumapili moja mchana akabandika ukuta mzima, Esau amemshikia bakuli na binti yao Lettie anakimbiakimbia na vipande vilivyokatika. Alipomaliza alijilaza akautazama ukuta wake, moyo ukamtulia. Hakujua kwa nini umetulia. Alidhani ni kwa sababu upepo umezibwa.

"Mikono yangu ilikwisha kuzoea," aliniambia. "Sikuituma. Ilifanya yenyewe."

Siku chache baadaye Lettie akashikwa na homa. Alikuwa na miaka sita. Misis Averell akaja kibandani na chupa ya mafuta ya nyonyo, sketi ameinyanyua isiguse sakafu. Shangazi Binah alikuwa amekaa na mtoto. Misis akamimina kijiko, akamnywesha Lettie kwa mkono wake mwenyewe, akamfuta mdomo. Kisha akainua macho. Akatazama ukuta wa kushoto. Akatazama wa kulia. Kijiko kikabaki hewani.

"Dorinda."

"Naam, Misis."

"Nani kabandika haya?"

"Mimi, Misis."

"Mbona yote yamesimama wima?"

Dorinda akageuka. Aliuona ukuta wake kwa mara ya kwanza. Kila ukurasa ulikuwa umekaa kama unavyokaa mezani mbele ya bwana, mistari imenyooka, hakuna hata mmoja uliolala ubavu. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na magazeti yaliyopinda na kupinduka, ila hii.

Shangazi Binah ndiye aliyempa nafasi ya kupumua. "Yamesimama, Misis? Yasiposimama yataanguka!"

Misis hakucheka. Na hapo jicho la Dorinda likatua kwenye kile kikaragosi. Magazeti ya siku zile, kila yalipotangaza mtumwa aliyetoroka, yalichapa kijitu cheusi kinachokimbia, kibunda begani. Vilikuwa vimejaa ukuta mzima.

"Naangalia miguu ya huyu, Misis," akasema. "Nampa miguu chini. Nani atalala na mtu aliyesimama kwa kichwa?"

Misis akakitazama kile kijitu. Akatoa kicheko kifupi cha puani, akafunga chupa, akatoka.

Binah alingoja mpaka nyayo zimetoweka. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini sana.

"Dori, mwanangu. Ule ukurasa wa pembeni hauna mtu anayekimbia."

Akaonyesha kwa kidevu.

"Wala ule. Wala ule wa dirishani."

"Shangazi..."

"Usiniambie. Sitaki kujua, nisije nikaulizwa. Nakwambia tu kwamba Misis naye ana macho."

Wakakubaliana kesho Dorinda abandue baadhi ya kurasa na kuzigeuza. Lakini kesho yake Misis aliwahi. Alikuja kabla ya kifungua kinywa, hajafunga hata kofia vizuri, na ukurasa mmoja wa gazeti mkononi. Akavuta kigoda akakaa karibu na kitanda, pale ambapo mtu anaweza kumtazama mwenzake usoni.

"Pale juu ya mtoto pamechanika," akasema. "Bandika hii. Nataka nione unavyofanya."

Binah alikuwa mlangoni na mtungi wa maji. Hakuingia, hakuondoka.

Dorinda akachukua karatasi. Haikuwa na kijitu hata kimoja. Akaielewa hila hiyo mara moja, akaiona ndogo: anataka kuona nitaiweka vipi, basi nitaigeuza kichwa chini, yaishe. Akaipaka wanga mgongoni taratibu. Akainyanyua. Na ilipopita mbele ya uso wake akaiona L, ile ile ambayo alikuwa akiichora kwa kidole mgongoni mwa bintiye akimlaza.

Bibi aliniambia jicho lililokwisha kujua kusoma halisikii likiambiwa lisisome. Alitaka kulifumba. Lilikuwa limeshasoma.

Atauzwa, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, mlangoni pa mahakama: msichana Lettie, miaka sita, mpole, mzima wa mwili, meno kamili. Peke yake.

Chini yake jina la Averell.

Hapo ndipo alipofahamu kwamba gazeti halikuwa mtego. Mtego ulikuwa uso wake. Misis hakuwa akitazama karatasi hata kidogo. Alikuwa ameinamia mbele, viwiko magotini, macho yamemganda Dorinda kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Na kitandani Lettie akafungua macho.

"Mama, hiyo ina mtu?"

Alikuwa akiuliza habari ya kile kijitu kinachokimbia. Alivipenda vijitu hivyo, alikuwa amevipa majina vyote.

"Haina mtu, mwanangu," bibi yangu akajibu. "Ina vidudu tu."

Akaigeuza kichwa chini, akaibandika ukutani juu ya kichwa cha mtoto, akaanza kuilainisha kwa kiganja. Akaimba kwa mdomo uliofumbwa, ule wimbo wa kufulia. Kiganja kikapita juu ya jina la Lettie, kikarudi, kikapita tena, kikisukuma mapovu ya hewa mpaka pembeni. Nilimuuliza bibi, uliwezaje? Aliniinulia kiganja chake nikione, kama vile kingekuwa na alama.

Misis akajiegemeza nyuma, akavuta pumzi ndefu. Bibi alisema sura yake ilikuwa ya mtu aliyepona. Ndiye aliyefundisha zile alama za shuka, na mumewe angejua kwamba Dorinda anasoma, yeye ndiye angeulizwa.

"Umeigeuza, mjinga we. Iko kichwa chini."

"Ala! Niibandue, Misis?"

"Iache." Akamgusa Lettie kwenye paji la uso. "Homa imeshuka. Vizuri. Mpe mafuta tena jioni, na supu ya kuku, nitakuletea kuku. Namtaka awe na afya."

Alipofika mlangoni akampiga Binah begani kwa upole, kama apigavyo mtu farasi wake, akaenda zake.

Kumbe mafuta yale yalikuwa ya kupandisha bei. Kumbe kile kijiko alichomnywesha kwa mkono wake mwenyewe, na kufuta mdomo. Dorinda alitoka nje akaenda kwenye pipa la kufulia, akaingiza kichwa chote ndani ya maji, akapiga kelele humo humo, kama wazee walivyosali midomo ikiwa ndani ya chungu ili sauti isifike nyumba kubwa. Binah akaona mapovu yanavyopanda. Akamvuta kwa ukosi.

"Imesema nini ile karatasi?"

"Ulisema hutaki kujua."

"Sasa nataka."

Akamwambia. Binah akakaa chini, kwenye tope lile la sabuni, na mtungi wake. Alikaa muda mrefu bila hata kuona kwamba maji yanammwagikia.

Esau aliporudi kula mchana, Dorinda akamwonyesha. Kibanda kilinukia kuku.

"Wapi?" Esau akauliza.

"Hapo. Juu kidogo. Hapo hapo."

Akaweka kidole. "Jina lake lote linaingia hapa?"

"Lote."

"Ni dogo kuliko ukucha wangu, Dori."

"Najua."

"Na mimi na wewe?"

"Hatumo. Ni yeye tu."

Kidole hakukitoa. "Pengine umesoma vibaya, mke wangu. Umejifunza kwa kusikiliza ukutani, nani kakufundisha? Pengine ni Lettie mwingine. Soma tena."

Dorinda akapinda shingo, akasoma tena, karatasi ikiwa kichwa chini vile vile. Akasoma mpaka kwenye meno.

"Sijasoma vibaya," akasema.

Esau akamtazama mtoto anayenyonya mfupa wa kuku, mafuta yanamchuruzika kidevuni. "Basi twende kabla ya Jumatatu hiyo," akasema. "Jumamosi nina mapipa ya kupeleka."

Mdomoni mwa mto wetu zilikuwa zimetia nanga meli za vita za Kaskazini. Visiwa vya mbele vilikuwa vyao, na aliyefika kwao harudishwi. Kati yetu na wao palikuwa na kituo kimoja cha askari wa Kusini, kwenye gati la kinu cha mpunga, ambako Esau alipeleka mapipa matupu kwa mashua kila wiki. Walimzoea.

Dorinda akamwambia Binah waende wote. Binah akatikisa kichwa.

"Nani atakaa humu awashe moto? Wakiona moshi watadhani mmerudi, mko ndani, mtoto anaumwa. Nikiondoka na mimi, vibanda viwili vimepoa, tumekamatwa sote."

"Watakuua, Shangazi."

"Nitawaambia nilidhani jinamizi kawabeba." Akacheka. "Nenda, mwanangu. Mimi na jinamizi wangu tumezoeana."

Jumamosi asubuhi wakashuka kwenye gati la shamba mbele ya macho ya kila mtu, Esau akibingirisha mapipa, Dorinda na furushi la nguo za Misis kichwani. Pipa moja halikubingirishwa, lilibebwa. Ndani yake alikuwa Lettie, mama yangu, magoti yamegusa kidevu, ameambiwa kwamba wanacheza kujificha na atakayetoa sauti ameshindwa. Juu yake Dorinda alitandika nguo.

Gatini kwenye kinu walimkuta askari kijana anayepiga miayo. Kwa kukosa la kufanya akaanza kugonga mapipa kwa kitako cha bunduki, kama ngoma. Du. Du. Du. Kisha lile moja likatoa sauti nzito.

"Hili lina nini?"

Dorinda ndiye aliyejibu.

"Nguo za Misis Averell, bwana. Za zile siku zake. Nazipeleka kuziloweka maji ya chumvi, damu haitoki kwa maji ya mto." Akashika kifuniko. "Nikufunulie?"

Kijana yule aliiva masikio. "Ondoka! Ondoka nalo, mwanamke, huna haya?"

"Sina, bwana," akasema bibi yangu, na huku akisukuma mashua kwa mguu. Kinu chenyewe kilikuwa mbele zaidi, upande wa kulia. Ukungu ulikuwa umeukalia mto. Esau alipiga makasia kuelekea kulia mpaka askari akapotea ukunguni, kisha akageuza kushoto, baharini.

Meli ilipotokea mbele yao, kubwa kuliko kinu, Dorinda alichomoa shuka la Misis akalipunga kwa mikono miwili, ile A nyekundu ikipepea pembeni. Walivutwa juu mmoja mmoja. Mabaharia walipofungua pipa, mtoto aliinua kichwa akasema, "Nimeshinda?" Na Esau, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu gatini, aliangua kilio mbele ya wanaume wote wale.

Walipelekwa kisiwani, kwenye ghala la pamba lililogawanywa vyumba vyumba kwa mikeka, watu wamejaa. Chumba chao kilikuwa kimeshabandikwa na waliotangulia, magazeti kila upande, mengine ubavu, mengi kichwa chini. Mama mmoja akawapa uji wa mahindi wenye asali ya miwa. Esau akauliza kazi inaanza saa ngapi.

"Kesho kutwa, ukitaka," yule mama akasema. "Lala, baba. Macho yako yamekuwa mekundu."

"Saa hizi? Jua lote hili?"

"Kwani jua ni lako?"

Esau alilala ameshika mguu wa Lettie, na Lettie alikuwa amelala zamani. Dorinda akabaki macho. Hapakulia kengele, hapakupigwa pembe. Alimfikiria Binah, moshi wake, na nani atakayeuingia ule mlango kwanza. Mpaka anakufa, bibi yangu hakupata kujua yaliyompata Binah. Baada ya vita alirudi pale, akakuta majivu na ukuta mmoja uliobaki wima.

Lakini siku ile alikuwa hajayajua hayo. Alijilaza chali, na juu yake palikuwa na ukurasa uliopinduliwa. Akapinda shingo. Akashtuka, akatazama mlangoni, kwa mazoea, kuona nani anamwona. Mlangoni alikuwepo yule mama wa uji, anachambua kunde. Aliinua macho akamwona Dorinda anavyosogeza midomo.

"Unasoma?"

Dorinda akafumba midomo upesi.

"Soma kwa sauti basi," yule mama akasema, akarudia kunde zake. "Nimelala na karatasi hizi tangu Krismasi, sijui zinanisema nini."

Bibi yangu akajaribu. Sauti haikutoka mara ya kwanza. Mara ya pili ikatoka nyembamba, kama ya mtoto mgonjwa. Kumepotea ng'ombe mwekundu, akasoma, pembe moja imevunjika. Akasoma bei ya kofia. Akasoma dawa ya jino. Alisoma kama jinamizi, neno kwa neno, asiruke hata moja, akipitisha kidole chake kizima chini ya mistari iliyopinduka. Kwenye kona palikuwa na kile kijitu kinachokimbia, miguu juu, na alikuwa anakikaribia, amebakiza mistari kidogo tu, jua likiwa bado liko juu kabisa, usingizi ulipomchukua.